Nguzo Zisizobeba Kitu

Mtu aliyefundisha fasihi miaka mingi hupata ugonjwa mmoja usio na dawa: kila akionacho hukitia katika mizani ya fani na maudhui. Kanga iliyoanikwa, hotuba ya harusi, jengo jipya la benki, vyote huviuliza yale yale: unasema nini, na unakisemaje? Mimi nimestaafu kazi ya ukuu wa chuo cha ualimu, lakini ugonjwa huu haukustaafu pamoja nami. Ndugu msomaji, univumilie basi nikiupeleka leo kwenye daraja la reli, tena daraja lenyewe limekwisha kuvunjwa, yamebaki mabaki yake.

Mabaki hayo yako London, katika Mto Thames, mahali paitwapo Blackfriars, jina lililotokana na watawa wa Mtakatifu Dominiko waliovaa joho jeusi na waliokuwa na nyumba yao hapo zamani. Ukisimama ukingo wa kusini utaona madaraja mawili yaliyo hai. La upande wa magharibi ni la magari na waendao kwa miguu. La upande wa mashariki ni la treni. Katikati yao, ndani ya maji, zimesimama nguzo nene nyekundu, safu baada ya safu, zimevishwa mataji yaliyonakshiwa kama nguzo za kanisa la kale. Juu yake hakuna kitu. Ndege wa mtoni hutua hapo, na maji ya Thames, ambayo katika London hupanda na kushuka karibu mita saba kwa kupwa na kujaa, huzifunika miguu na kuzifunua tena. Nilizifahamu mwaka 1987 nilipokwenda huko kwa masomo ya mwaka mmoja, nikaziona tena mwaka 2016. Mara zote mbili niliwaona wapita njia wakizitazama, wakitazamana, kisha wakiendelea na safari. Swali lao lilikuwa bayana: hizi zinangoja nini?

Tuanze na historia, maana mhakiki asiyejua kazi ilizaliwa lini na kwa sababu gani ni mpiga ramli. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1864. Mwenye mali alikuwa London, Chatham and Dover Railway, kampuni ya reli iliyohudumia Kent, jimbo la kusini-mashariki ya Uingereza ambako abiria walipandia meli za kwenda Ufaransa. Mhandisi alikuwa Joseph Cubitt, mwana wa Sir William Cubitt, naye mhandisi mashuhuri. Kampuni hiyo ilikuwa na shindano kali na jirani yake, South Eastern Railway. Zote mbili ziligombea abiria wale wale na bandari zile zile. Kila mmoja alitaka kuingia katikati ya jiji kabla ya mwenzake, na ili uingie jijini kutoka kusini, sharti uvuke mto. Hivyo daraja hili lilizaliwa katika mbio. Cubitt huyo huyo alipewa pia kazi ya daraja la magari lililo kando yake, ambalo Malkia Victoria alilifungua mwaka 1869. Madaraja yote mawili yalipewa nafasi tano za kupitishia vyombo, nguzo za moja zikifuatana na za jingine, kwa kuwa mahodha wa mashua wangetaabika sana kama nguzo zingetawanyika ovyo katika mkondo.

Sasa fani. Mafundi wa wakati ule walikuwa na vyuma vya aina mbili. Kipo chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Hiki hupokea umbo lolote umtakalo fundi, na huhimili sana uzito unaokikandamiza. Lakini ukikivuta au kukipinda, hukatika ghafla kama kigae. Kipo pia chuma cha kufuliwa, ambacho huvumilia kuvutwa na kupindwa. Mjenzi mwenye busara aliweka cha kwanza mahali pa kusimama na cha pili mahali pa kulala. Ndivyo ilivyokuwa hapa: chuma cha kusubu kikatumika katika nguzo na mapambo, na boriti zilizopita juu zikafumwa kwa chuma cha kufuliwa, mithili ya ukuta wa fito. Juu yake zilikaa njia nne za reli.

Tazama jinsi tabia ya chuma ilivyozaa sura ya daraja. Chuma cha kusubu hakidai gharama kubwa kupambwa, kwa sababu kalibu moja iliyochongwa vizuri hutoa ua lile lile mara mia. Fundi wa mawe lazima achonge kila taji la nguzo kwa patasi. Fundi wa kalibu huchonga mara moja akamaliza. Kwa hiyo anayedhani kwamba nakshi za daraja hili zinaonyesha ukarimu wa kampuni, na apunguze sifa kidogo. Hata hivyo nakshi zenyewe ni nzuri, nami sitazinyima haki yake. Mataji yale yana uzito wa macho unaolingana na uzito wa kazi. Ukiitazama nguzo unaamini kwamba imeumbwa kubeba. Katika fani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo: umbo kuiambia akili, bila maneno, kazi ya kitu ni nini.

Tukija kwenye maudhui, ndipo mambo yanapokuwa mazito. Katika kitako cha daraja upande wa kusini pangali na nembo kubwa ya kampuni, ya chuma cha kusubu, iliyopakwa rangi zake. Jina la kampuni limezunguka kwa herufi nene. Ndani yake zimo ngao za miji na jimbo ambalo reli ilihudumia, na yumo farasi mweupe wa Kent pamoja na neno la Kilatini la jimbo hilo, Invicta, yaani isiyoshindwa. Mwenye kusoma nembo hii bila kujua historia atadhani ameona alama ya dola. Kumbe ni tangazo la biashara.

Tena biashara yenyewe haikuwa na afya. Wakandarasi wa kampuni, akiwamo Sir Samuel Morton Peto, walikubali kulipwa sehemu kubwa ya ujira wao kwa hisa na hati za madeni badala ya fedha taslimu. Peto hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mbunge, na kampuni yake ya awali ilishiriki kulijenga jengo la Bunge la Uingereza. Lakini karatasi za hisa huwa fedha pale tu ambapo kuna mtu wa kuzipokea. Tarehe 10 Mei 1866 nyumba ya fedha ya Overend, Gurney and Company ilifunga milango, ikiwa na madeni ya takriban pauni milioni 11. Hofu ikaenea London nzima. Peto akaanguka mwaka huo huo, na kampuni ya reli ikafilisika. Hesabu miaka: nembo ya Isiyoshindwa ilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Je, tuseme basi kwamba daraja lilikuwa uongo? Wapo watakaosema hivyo, na wana mlezi mkubwa. John Ruskin, mhakiki wa sanaa ambaye sauti yake ilisikika kuliko zote katika Uingereza ya karne ya 19, aliandika mwaka 1849 kwamba kuipamba reli ni upotevu. Abiria ana haraka na mizigo, hana roho ya kutazama uzuri. Heri fedha za mapambo zitiwe katika uimara wa kazi. Hoja hii ina uzito, na mwalimu yeyote aliyewahi kuona darasa lililopakwa rangi wakati watoto wanakaa sakafuni ataielewa upesi.

Lakini nikiitia hoja ya Ruskin katika mizani, naona kwamba kwa daraja hili haigusi penyewe. Ruskin alimfikiria abiria. Hebu jiulize: abiria aliyekuwa ndani ya behewa, juu ya daraja, aliona nini cha mapambo haya? Mataji ya nguzo yalikuwa chini yake. Nembo uso wake umeelekea mtoni na daraja la magari. Anayelipa nauli hakuonyeshwa kitu. Aliyeonyeshwa ni mtu wa mashuani, mtu wa kandoni, karani avukaye kwa miguu kwenda kazini, tajiri aliyekuwa akipima kama anunue hisa au aache. Mapambo yalikuwa yakizungumza na wasio abiria. Yalikuwa yakiomba imani, na imani katika biashara ya reli ndiyo iliyokuwa mtaji wenyewe.

Ushahidi wa jambo hili naupata mbali na London, karibu na kwetu. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Daraja la Tsavo, lililokamilika mwaka 1899 baada ya simba kuwaua vibarua wengi, ambao waliletwa kutoka India, ni nguzo za mawe na boriti za chuma basi. Wajenzi walikuwa wa taifa lile lile na enzi ile ile ya Malkia Victoria. Tofauti ni kwamba reli ile ililipiwa na hazina ya serikali. Porini Tsavo hapakuwa na mwenye hisa wa kubembelezwa, na wananchi ambao ardhi yao ilipitiwa hawakuombwa imani yao. Mahali usipoombwa, hupambiwi. Hilo ni somo la siasa zaidi ya somo la ujenzi, nami naliona limeandikwa katika madaraja yote mawili, kwa maua kule na kwa ukavu huku.

Wala tusidhani kwamba kule London kila mtu aliombwa. Reli za miaka ya 1860 ziliingia jijini kwa kuvunja mitaa ya maskini, maana nyumba zao zilikuwa rahisi kununuliwa, na wapangaji hawakuwa na haki ya kulipwa fidia ya kueleweka. Maelfu walihama kwa miguu yao na mizigo yao. Ng'ambo ya daraja letu, upande wa kaskazini, reli hiyo ilipita juu ya barabara ya Ludgate Hill kwa daraja jingine la chuma, nalo likaikata mandhari ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Watu walilalamika sana. Mchoraji Mfaransa Gustave Doré aliichora barabara hiyo katika kitabu kuhusu London kilichotoka mwaka 1872: chini umati na magari ya farasi yamesongamana, juu treni inapita, na kuba la kanisa nyuma. Daraja hilo liliondolewa mwaka 1990 njia ilipopelekwa chini ya ardhi, na kanisa likaonekana tena. Sijasikia mtu aliyelililia.

Kwa nini basi lile la Ludgate Hill liondoke bila machozi, na haya mabaki ya Blackfriars yatetewe? Hapo ndipo penye kiini cha tahakiki yangu.

Tufuate kwanza mwisho wa daraja. Kampuni ilifufuka polepole, na ilipotaka kupanua kituo chake ilijenga daraja la pili upande wa mashariki, likiongoza kwenye stesheni mpya iliyoitwa St Paul's. Stesheni hiyo ilifunguliwa tarehe 10 Mei 1886, miaka 20 kamili, siku kwa siku, tangu ile siku ya hofu ya fedha. Kwenye kuta zake yalichongwa majina ya miji ambayo msafiri angeweza kuifikia, St Petersburg na Venice zikikaa pamoja na Bromley na Sittingbourne, kana kwamba zote ziko mwendo mmoja. Mawe hayo yamehifadhiwa. Stesheni ikabadilishwa jina kuwa Blackfriars mwaka 1937. Tangu reli za kusini zilipounganishwa mwaka 1923, safari za mbali zilielekezwa kwenye stesheni nyingine, na daraja la Cubitt likazidi kukosa kazi. Kufikia mwaka 1971 halikutumika tena. Treni zilikuwa zimekua uzito, na boriti zake hazikuweza kuzihimili. Mwaka 1985 boriti zikaondolewa. Nguzo zikaachwa, na kitako cha kusini chenye nembo kikawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria.

Uamuzi wa kuziondoa boriti ulikuwa sahihi. Daraja lisiloweza kubeba ni hatari, na mapenzi ya kale hayana ruhusa ya kuua watu. Uingereza ilikwisha kufunzwa hilo usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la Mto Tay huko Uskoti lilipoanguka katika dhoruba treni ikiwa juu yake, na wote waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kasoro katika usanifu, katika usubuji wa vyuma na katika matunzo. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1887, na visiki vya nguzo za lile la kwanza vingali vinaonekana kando yake majini. Visiki vile havina pambo, wala havihitaji. Vinasema jambo moja, na kila anayepita kwa treni analisikia.

Kosa ninaloliona Blackfriars ni jingine. Walioondoa boriti hawakuamua nguzo ziwe nini. Kama ni kumbukumbu, mpita njia aelezwe. Kama ni takataka, zing'olewe. Waliing'arisha nembo, yaani sauti ya wenye mali, wakaziacha nguzo, ambazo ni kazi ya mikono ya wasubuji na wapiga mbizi, zisimame kama maneno ya sentensi iliyokatwa kitenzi. Huo ni uhifadhi wa upande mmoja. Anayehifadhi jina la tajiri akasahau jasho la kibarua amehifadhi bango tu.

Na bado nasema nguzo zile ni bora kuliko daraja lilivyokuwa zima. Daraja zima lilijigamba. Nguzo zilizobaki hazina la kujigambia. Pambo lililotengenezwa kuvuta wanunuzi wa hisa halina tena mnunuzi, hivyo sasa laweza kutazamwa kwa haki, kama tunavyosoma shairi la kumsifu sultani aliyekwisha kufa: sifa imeondoka, imebaki lugha. Nikitazama mataji yale nauona mkono wa fundi wa kalibu, ambaye jina lake haliko katika nembo.

Jambo la mwisho katika historia hii ni jema. Stesheni ya Blackfriars ilipojengwa upya kuanzia mwaka 2009, majukwaa yalirefushwa yakavuka mto wote, na baadhi ya nguzo za mwaka 1864 zilitiwa kazini tena kusaidia kuubeba upana ulioongezeka. Mwaka 2014 paa la stesheni hiyo lilikamilishwa likiwa na zaidi ya paneli 4,400 za sola. Chuma cha zama za makaa ya mawe kimeingia katika kazi moja na paa linalovuna jua. Anayesema kilichostaafu hakina nguvu na akavipime vyuma hivyo; wahandisi walivipima, wakavikubali.

Utaniuliza, mzee wa Kiafrika anahangaishwa na nini na vyuma vya Waingereza. Nitakujibu. Katika chuo kimoja nilichofanya kazi palikuwa na bwalo la zamani lenye nguzo za mninga zilizochongwa na seremala wa kijiji cha jirani. Paa lilikuwa bovu, na hilo halikuwa na ubishi. Nilipendekeza tuondoe paa, tulinde nguzo, tuandike kibao chenye jina la seremala na mwaka wake. Kamati iliona kwamba kitu kisichotumika ni mzigo. Nguzo zikapasuliwa kuni katika wiki moja, na bwalo jipya la matofali likajengwa mahali pengine kabisa. Uwanja ule ulibaki mtupu. Wanachuo wa leo wakipita hapo hawaulizi kitu, kwa kuwa hakuna cha kuwauliza.

Hiyo ndiyo kazi ya nguzo zisizobeba kitu. Kama zimechongwa vizuri, zitamfanya mtu asimame na kuuliza nani alizijenga, kwa fedha ya nani, ni nani aliyehamishwa ili zisimame, na kwa nini ziliachwa. Ukimpa majibu umemfundisha historia bila darasa. Ukimnyima, umempa mandhari tu ya kupigia picha. Wa London wamezihifadhi nguzo, ni jambo la kushukuru. Sasa waweke na kibao kinachozitaja kalibu na mbavu za watu, si farasi mweupe peke yake. Na sisi kwetu, kabla ya kushika shoka, tuulize kwanza jina la seremala.